Theluji Kuondoka si Jani Kuchipua: Jibu kwa Msomaji wa Dodoma

Ndugu muuliza swali,

Umeandika kwamba unasoma shahada ya uzamili hapa Dodoma, na kwamba umekutana na maandiko yanayodai, kwa ushahidi wa picha za setilaiti, kuwa mimea ya nchi za baridi kali inaanza kukua mapema kuliko zamani. Swali lako lina sehemu mbili. Kwanza unataka kujua wataalamu wanatambuaje kuwa wanachokiona ni majani yanayochipua na si theluji inayoondoka tu. Pili unauliza kama ukiichukua njia hiyo hiyo na kuitumia katika wilaya za Bahi na Chamwino, tarehe ya kuanza kwa msimu utakayoipata itaaminika. Nitakawia zaidi kwenye sehemu ya kwanza, kwa sababu ukiielewa hiyo barabara, ya pili itakuwa imejibiwa zaidi ya nusu.

Setilaiti haioni jani. Kihisi chake hupima mwanga unaoakisiwa na kipande kizima cha ardhi, na ndani ya kipande hicho mna majani, matawi makavu, udongo, maji, vivuli na, huko kwenye baridi, theluji. Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu kwa ajili ya usanisinuru na huakisi kwa wingi mionzi ya infraredi ya karibu, ambayo macho yetu hayaioni. Fahirisi inayotumika kuliko zote, yaani NDVI, huchukua infraredi ya karibu ikatoa mwanga mwekundu, kisha ikagawanya tofauti hiyo kwa jumla ya viwili hivyo. Jibu huangukia kati ya −1 na 1, na kadiri majani mabichi yanavyozidi ndivyo linavyopanda. Hayo bila shaka unayajua. Ambalo halisemwi vya kutosha darasani ni kwamba fahirisi hiyo inaweza kupanda sana bila jani hata moja jipya kuota.

Tuchukue pikseli moja, yaani kipande kimoja cha picha, ya tundra, ile nyika ya baridi kali isiyo na miti, na kuipigia hesabu kwa tarakimu nilizozichagua zikaribiane na hali halisi. Wakati wa baridi theluji imefunika kila kitu, na pikseli inaakisi asilimia 80 ya mwanga mwekundu na asilimia 78 ya infraredi ya karibu, kwa hiyo NDVI ni kama −0.01. Theluji ikishaisha yote, kinachobaki ni nyasi kavu za mwaka uliopita, vichaka visivyo na majani na kuvumwani. Pikseli sasa inaakisi asilimia 8 ya mwekundu na asilimia 16 ya infraredi, na NDVI ni 0.33. Katikati ya majira ya joto, mimea ikiwa imestawi, mwekundu ni asilimia 4 na infraredi asilimia 28, nayo NDVI ni 0.75. Angalia safari hiyo: kutoka −0.01 hadi 0.33 ni karibu nusu ya kimo chote, na katika nusu hiyo hakuna chipukizi lolote lililotokea. Tena kuvumwani, ile mimea mifupi na laini inayotanda juu ya mawe na udongo mbichi, hubaki na ukijani wake chini ya theluji, kwa hiyo siku inapofunuliwa huipandisha fahirisi papo hapo ingawa haijakua hata kidogo.

Kuna jambo jingine ndani ya hesabu hiyo ambalo ni la hila zaidi. Fikiria theluji imebaki kwenye robo tu ya pikseli, nayo robo tatu ni nyasi kavu. Kwa kuwa theluji inang'aa mno, hiyo robo ndiyo inayotawala jumla: mwekundu unakuwa asilimia 26, infraredi asilimia 31.5, na NDVI inakuwa 0.10 tu. Maana yake ni kwamba wakati robo tatu nzima za theluji zinayeyuka, fahirisi inasogea kwa pointi 0.11, kisha robo ya mwisho inapoondoka inaruka kwa pointi 0.23. Mkunjo wako, yaani mchoro wa NDVI kadiri siku zinavyopita, utaonyesha mpando mkali, mzuri, unaofanana kabisa na mlipuko wa majani, na ukweli utakuwa ni viraka vya mwisho vya theluji vilivyotoweka mabondeni ndani ya siku chache.

Sasa uletee mkunjo huo kanuni ya kizingiti ambayo wanafunzi wengi huitumia, kwamba msimu umeanza siku NDVI inapofikia asilimia 20 ya kimo kati ya chini kabisa na juu kabisa. Ukianzia −0.01 na kuishia 0.75, kizingiti ni 0.14, na kitavukwa kabla hata theluji haijaisha. Ulichokipima ni tarehe ya kuyeyuka kwa theluji, ukakiita kuchipua. Lakini ukikataa kuihesabu theluji na kuanzia 0.33, kizingiti kinakuwa 0.41, na hapo huwezi kukifikia bila majani mapya. Pikseli ni ile ile na kanuni ni ile ile, ila tarehe hizo mbili zinaweza kupishana kwa siku nyingi, hata wiki kadhaa kama baridi itarudi baada ya theluji kuondoka. Kwa mahali ambapo msimu mzima wa kukua katika tundra ya kaskazini ya mbali ni kama siku 50 hadi 60, kosa la namna hiyo si dogo.

Hiyo ndiyo sababu wataalamu wa huko walilazimika kuishughulikia sakafu ya mkunjo, yaani thamani ya chini unapoanzia, kabla ya kushughulikia mkunjo wenyewe. Pieter Beck na wenzake, katika kazi yao ya mwaka 2006 kuhusu nchi za kaskazini ya mbali, walipendekeza kila pikseli ipewe thamani yake ya NDVI ya wakati wa baridi, inayokadiriwa kutokana na vipimo visivyo na theluji, na thamani zote za majira ya theluji zilizo chini ya hapo zibadilishwe kuwa hiyo. Kisha ndipo mkunjo wenye mpando mmoja na mteremko mmoja unapolazwa juu ya data. Wazo ni sahili, na kwa maoni yangu ndilo lililosaidia kuliko hisabati nyingi za kulainisha mikunjo zilizokuja kabla na baada yake, maana kulainisha data yenye sakafu mbovu ni kuyapamba makosa.

Lakini ili uitupe theluji, lazima kwanza uitambue. Hapa unasaidiwa na ukweli kwamba theluji huakisi sana mwanga unaoonekana na kufyonza sana infraredi ya mawimbi mafupi, ile iliyo karibu na mikromita 1.6, ilhali mawingu mengi hayaifyonzi hivyo. Fahirisi ya NDSI, inayolinganisha mwanga wa kijani na infraredi hiyo, ndiyo inayotumika, na kwa kawaida thamani inayozidi 0.4 huchukuliwa kuwa theluji. Viraka vidogo ndani ya pikseli huponyoka chujio hilo, kama hesabu yetu ya robo ilivyokwisha kuashiria.

Njia nyingine ni kubadilisha fahirisi yenyewe. Nicolas Delbart na wenzake, wakichunguza misitu ya Siberia mwaka 2005, walitumia NDWI, ambayo hulinganisha infraredi ya karibu na ile ya mawimbi mafupi. Uzuri wake ni huu: theluji inapoyeyuka fahirisi hiyo hushuka, na majani yenye maji yanapotokea hupanda, kwa hiyo matukio mawili yaliyokuwa yakienda upande mmoja kwenye NDVI sasa yanakwenda pande tofauti, na pale mkunjo unapogeuka ndipo majani yanapoanza. Baadaye Hongxiao Jin na Lars Eklundh wa Lund, Sweden, walitoa mwaka 2014 fahirisi ya PPI, iliyoundwa isiyumbishwe sana na theluji na iende sambamba na wingi wa majani. Mpango wa Copernicus wa Ulaya unaitumia kutoa ramani za misimu ya uoto wa bara hilo kwa pikseli za mita 10, kuanzia mwaka 2017.

Misitu ya misonobari na jamii zake ina shida ya peke yake ambayo sitaichimba sana. Miti hiyo haipukutishi majani, hivyo rangi yake inabadilika kidogo mno kati ya baridi na joto, ingawa wakati wa baridi usanisinuru umesimama kabisa. Kwa misitu hiyo wataalamu wamegeukia mng'ao hafifu ambao klorofili yenyewe huutoa inapofanya kazi, unaopimwa na setilaiti kama OCO-2, iliyorushwa mwaka 2014. Pikseli zake ni kubwa, lakini hupima kazi ya jani badala ya rangi yake.

Ongeza na mambo ya jua. Huko juu ya Mzingo wa Aktiki kuna wiki katikati ya baridi ambazo jua halichomozi, na vihisi vya mwanga haviambulii kitu. Hata linapochomoza hukaa chini karibu na upeo wa macho, vivuli vinakuwa virefu na vipimo vinayumba kulingana na pembe. Mawingu nayo ni mengi. Kuna faida moja inayofidia: njia za setilaiti zinazopita karibu na ncha za dunia hukaribiana huko, kwa hiyo Sentinel-2, ambayo setilaiti zake mbili hupiga picha mahali pamoja pa ikweta kila baada ya siku 5, hupata picha za kaskazini ya mbali mara nyingi zaidi ya hapo. Sisi wa Dodoma hatuna bahati hiyo.

Je, basi, ile habari ya mimea kuwahi ni kweli? Kwa ujumla ndiyo, na sababu ya kuiamini si setilaiti peke yake. Mwaka 1997 Ranga Myneni na wenzake walichapisha uchambuzi wa data za AVHRR, kihisi cha setilaiti za NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, za mwaka 1981 hadi 1991, ulioonyesha kuongezeka kwa ukuaji wa mimea na kurefuka kwa msimu, hasa kati ya latitudo 45 na 70 kaskazini. Walikosolewa kwamba setilaiti za NOAA walizozitumia zilikuwa zikihama taratibu kutoka saa zake za kupita, na kwamba vihisi vilibadilishwa katikati ya kipindi. Hoja hizo zilikuwa na uzito. Lakini mwaka mmoja kabla, Charles Keeling na wenzake walikuwa wameonyesha, kwa vipimo vya hewa vya Hawaii na Alaska, kwamba mpando na mshuko wa kila mwaka wa kaboni dioksidi umekua tangu miaka ya 1960, na kwamba hewa huanza kupungukiwa na gesi hiyo mapema kwa takriban siku 7. Hewa haijui lolote kuhusu vihisi wala pembe za jua. Ukiongeza vipimo vya ardhini vya vituo kama Abisko nchini Sweden, Toolik kule Alaska na Zackenberg huko Greenland, ambako watu huinama na kutazama vichipukizi kwa macho yao, unapata mashahidi watatu wasiotegemeana. Si kila mahali mimea imeongezeka. Yapo maeneo yaliyokauka au kuharibiwa na baridi inayofuata joto la ghafla katikati ya majira ya theluji. Ramani ya kijani kibichi kila kona ingenitia shaka mara moja.

Tuje sasa nyumbani. Huko chanzo cha msimu ni joto na mwanga. Hapa kwetu, kwenye latitudo kama 6 kusini, urefu wa mchana haubadiliki hata kwa saa nzima ndani ya mwaka, na kinachoamrisha ni mvua, ambayo huanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba na kukoma mnamo Aprili. Hatuna theluji, lakini tuna sakafu yetu, nayo ni udongo mwekundu uliobaki wazi baada ya mifugo kumaliza mabua, nyasi kavu, na majivu ya moto wa nyika. Sakafu hiyo nayo hubadilika bila mmea kukua. Ukichukua NDVI ya chini kabisa ya mwaka kuwa mwanzo wako, na pikseli hiyo iliungua Septemba, utakuwa umeanzia kwenye weusi wa masizi, sawasawa na mtu wa tundra anayeanzia kwenye weupe wa theluji. Kwa hiyo ondoa kwanza tarehe za kuungua, kisha ikadirie sakafu ya kila pikseli kutokana na miezi mikavu ya miaka kadhaa badala ya mwaka mmoja. Fahirisi inayojaribu kupunguza athari ya udongo, kama SAVI aliyoipendekeza Alfredo Huete mwaka 1988, inafaa kujaribiwa sambamba na NDVI.

Bahi ina kesi inayofanana na ya kaskazini kuliko zote. Majaruba ya mpunga yanapojaa maji kabla miche haijafunika uso wake, NDVI hushuka, kama inavyoshuka kwenye madimbwi yanayobaki tundra baada ya theluji kuyeyuka. Mkulima ameshapanda na mpunga uko hai, lakini mkunjo wako unaonyesha msimu haujaanza. Hapo NDWI, au rada ya Sentinel-1 ambayo haizuiwi na mawingu, itakuonyesha siku maji yalipoingia, nawe utaihesabu tarehe ya mpunga kutoka hapo.

Chamwino tatizo ni la namna nyingine. Vichaka na miti mingi ya huku huvaa majani kwa kutegemea unyevu uliobaki chini, na mingine huanza hata kabla ya mvua ya kwanza kutulia, kisha magugu hufuata, na mtama au uwele wa mkulima huja baadaye. Pikseli ya MODIS, kihisi cha setilaiti za Marekani, ya mita 250 ni takriban ekari 15, ilhali shamba la kawaida ni la ekari chache, lenye mibuyu ndani yake na pori pembeni. Tarehe utakayoipata ni ya pori na magugu zaidi kuliko ya mtama. Kwa swali la mazao ningetumia Sentinel-2, ambako ekari moja ni pikseli kama 40, na ningetenga kwanza mashamba ya zabibu. Mizabibu hukatiwa na kuvunwa mara mbili kwa mwaka, na baadhi ya mashamba hayo humwagiliwa, kwa hiyo mkunjo wake hauna habari na kalenda ya mvua.

Kuhusu programu uliyoitaja, TIMESAT, inayolainisha mikunjo na kutafuta tarehe za msimu, ambayo ilitoka kwa Per Jönsson na huyo huyo Eklundh, usiwe na wasiwasi kwamba ni ya watu wa baridi. Imetumika pia kuchunguza uoto wa Saheli. Chombo si tatizo. Tatizo ni mipangilio inayorithiwa. Wa kaskazini humaliza msimu wao wote ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, Januari hadi Desemba, na mifano mingi ya mafunzo imejengwa hivyo. Msimu wa Dodoma unauvuka mwaka mpya. Ukikata data Desemba 31 utaukata msimu mahali pake muhimu kuliko pote, na programu itakupa vipande viwili vya vilima badala ya kilima kimoja. Panga data zako kuanzia Agosti au Septemba hadi mwezi kama huo wa mwaka unaofuata, na uupe kila msimu jina la miaka yake miwili.

Ukitumia bidhaa ya MODIS ya siku 16, iitwayo MOD13Q1, usichukulie kwamba thamani ni ya siku ya kwanza ya kipindi hicho. Ndani ya faili kuna tabaka linalokueleza siku halisi ambayo kila pikseli ilichukuliwa, na usipolitumia unaweza kukosea hadi siku 15, kosa ambalo linatosha kuufuta mwelekeo wowote unaoutafuta. Kuna pia tabaka la ubora, ambamo 0 ni data nzuri, 1 ni ya wastani, 2 ni theluji au barafu na 3 ni mawingu. Ukikuta namba 2 imejaa Kongwa, cheka kidogo, kisha itupe data hiyo pamoja na ya namba 3. Thamani zenyewe zimehifadhiwa kama namba nzima, nawe utazizidisha kwa 0.0001. Na kama unataka kulinganisha miaka ya karibuni na ya zamani, kumbuka kwamba setilaiti ya Terra, iliyorushwa Desemba 1999, imekuwa ikihama kutoka saa yake ya kupita tangu mwaka 2020. Lile lile walilokosolewa wenzetu wa AVHRR lisikupate wewe.

Mawingu ndiyo yatakayokuumiza zaidi, kwa kuwa kwetu hujaa wiki zile zile majani yanapotokea. Usijaze mapengo kwa mstari ulionyooka ukasahau. Andika kando ya kila tarehe ya kuanza idadi ya siku zilizopita bila picha safi kabla yake, na kama pengo ni la siku 25, tarehe yako ina shaka ya siku 25, hata programu ikikupa desimali mbili.

Shahidi wako wa pili awe mvua. Data za CHIRPS, zinazounganisha setilaiti na vituo vya hali ya hewa, zinapatikana bure tangu mwaka 1981 kwa pikseli za takriban kilomita 5. Kijani kinachotangulia mvua zote kitakuambia uko kwenye pori, na kijani kilichopanda Desemba kikashuka Januari kitakuambia kwamba mvua za kwanza zilikatika na mkulima pengine alirudia kupanda. Katika hali hiyo andika tarehe zote mbili, usiilazimishe programu ichague moja. Shahidi wa tatu awe wewe mwenyewe. Chagua mashamba machache ya mtama, moja la mpunga na kipande kimoja cha pori, simika nguzo, na uombe mwenyeji apige picha kwa simu kutoka nguzo ile ile, akielekea upande ule ule, kila siku Sentinel-2 inapopita, kuanzia Novemba mosi hadi mwisho wa Januari. Aandike pia siku alipopanda, siku mbegu ilipotoka na siku ya palizi ya kwanza, maana palizi huishusha NDVI ghafla, na usipokuwa na tarehe hiyo utadhani ni ukame.